Mdaiwa kapotea na mzigo: nianze na polisi, wakala wa upelelezi au wakili?

Vitenge_Kkoo
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa nilikuwa nampa mzigo wa vitenge kwa mali kauli, mteja wa siku nyingi tu, analipa vizuri, mara ya mwisho kachukua mzigo mkubwa kuliko kawaida na deni limebaki milioni 11 na ushee. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa na muhuri upo. Sasa hivi namba zote hazipatikani, frem yake ya Tandika yupo dogo anauza chaja na kava za simu, na nyumbani kahama na familia. Wengine wanasema yuko Kahama wengine Tunduma. Polisi wameniambia hilo ni deni niende mahakamani. Wakala mmoja wa upelelezi anataka laki 8, nusu tangulizi. Wakili anasema fungua kesi kwanza. Mliowahi kupita huku kipi kinaanza, na hawa wapelelezi wana kazi kweli au ni wapigaji?

Mzee wa Kaunta
Polisi hawajakukosea mkuu. Kukopa ukashindwa kulipa sio jinai. Ingekuwa alitoa jina la uongo au alikudanganya tangu mwanzo ili umpe mali, hapo ungeongelea kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, unafungua RB (namba ya taarifa ya polisi) na wao ndo wana nguvu ya kumkamata popote. Ila mtu kakulipa vizuri muda wote halafu akakwama, utawasumbua bure.

Chuma_Ulete
Laki 8 ya nini sasa, mtupie picha magrupu ya wasap na insta andika TAPELI anatafutwa, kesho asubuhi anakupigia mwenyewe

Wakili wa Kona
@Chuma_Ulete ushauri huo ndo unaotuletea wateja 😀 Mdaiwa anageuka mlalamikaji, anakushtaki kwa kumchafua jina na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo pale pale. Na akiiona hiyo picha anahama tena.

Mleta mada jiulize kwanza unatafuta nini, mtu au mali? Ukimtaka mtu ili apelekewe wito, kuna njia hata bila kumpata: mahakama ikiridhika kwamba anakwepa, wito unaweza kubandikwa kwenye makazi yake ya mwisho au kutangazwa gazetini na kesi ikasikilizwa. Deni limezaliwa Kariakoo, unafungua hapa hapa Dar, na kwa kiwango hicho hata Mahakama ya Mwanzo inasikiliza. Haraka pia usiwe nayo ya kupitiliza, madai ya mkataba unaweza kuyafungua ndani ya miaka 6.

Tatizo linakuja baada ya hukumu. Dalali wa mahakama anakamata mali, hakutafutii mali. Ukishinda na hujui jamaa ana nini na kiko wapi, umebaki na karatasi. Kwa hiyo mimi huwa nasema mpelelezi alipwe kwa ajili ya mali, sura ya mtu ni ziada.

Bint Mbezi
Mimi niliwahi kutumia wakala, mpangaji wetu aliondoka usiku na kodi za watu pamoja na hela za kikoba. Aliyepewa kazi ni mama wa makamo, ukimwona utadhani anauza madera, hana kamera wala miwani nyeusi. Alikaa na mimi mchana mzima ananiuliza vitu vya ajabu, anasali wapi, fundi wake wa simu nani, alikuwa anaumwa nini, vyombo alihamisha na nini. Hilo la mwisho ndo lilimaliza kazi. Alienda kijiwe cha kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) jirani akapiga stori na madereva mpaka akampata aliyebeba, yule akakumbuka kwa sababu kabati lilipasuka kioo wakagombana. Alishusha kwenye ofisi ya mizigo ya basi pale stendi ya Magufuli, mzigo wa kwenda Singida. Huko akauliza kwa bodaboda na mama ntilie, basi.

Ripoti yake kurasa mbili: mtaa, mwenyekiti wa pale nani, picha ya genge lake na pikipiki. Hakumgusa wala hakumpigia simu, alisema kazi yake ni kujua alipo, kudai ni kazi ya mtu mwingine.

Dogo Fundi
kuna mshkaji anatoa lokesheni ya namba yoyote kwa elfu 50 ana mtu wake kampuni ya simu, nani anataka

Wakili wa Kona
Hakuna anayetaka. Nusu ya hao ni matapeli, wanakutumia skrinshoti ya ramani basi. Nusu nyingine wanavunja sheria na wewe uliyewatuma hutoki salama, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Wakala akikutajia "printi ya simu", yaani orodha ya simu alizopiga mtu, kwenye huduma zake, kimbia. Na kumtafuta mdaiwa kupitia shule za watoto wake msithubutu.

Nairobi_Kwetu
Huku kwetu Kenya kuna sheria ya 2016 ya usalama wa kibinafsi, na wapelelezi wa kibinafsi wako ndani yake, so kabla sijatoa hata shilingi naitisha usajili. Lakini kazi nyingi unaweza fanya mwenyewe kwanza. CR12, hati ya msajili wa kampuni, inakuonyesha wakurugenzi, gari unasachi NTSA, mamlaka ya usafiri. Hapo Tz si mko na BRELA, wale wa kusajili biashara?

Bint Mbezi
Ipo, jina la biashara unatafuta mtandaoni. Ila wauza vitenge wangapi wamesajili frem zao ndugu yangu 😅

Vitenge_Kkoo
Nashukuru sana wakuu. Basi nafungua kesi huku natafuta taratibu. Nimempigia yule wakala wa laki 8 nikamuuliza ripoti yake inakuwa na nini, na kama tunaandikishana, kanijibu "wewe lete hela kwanza maelezo baadaye".

Mzee wa Kaunta
Huyo hata nauli usimpe.

Wakili wa Kona
Yeyote utakayempata, malipo yaende kwa hatua, nusu ya pili baada ya wewe kuthibitisha anwani. Na aandike kwamba mahakamani atakuja kutoa ushahidi akihitajika, wengi hapo ndo wanapotea. Dereva wa kirikuu umeshamtafuta?

Vitenge_Kkoo
Kesho asubuhi naenda Tandika. @Bint Mbezi naomba namba ya yule mama, nimekuja PM.

Bint Mbezi
Nimemuuliza kwanza maana hapendi namba yake igawiwe. Amesema yuko Tanga kikazi mpaka Alhamisi, na andaa picha na ile karatasi ya mwenyekiti.