Naliendele, 25 Julai

Shangazi Mwajuma 19:02
Asalaam alaykum ukoo. Narudia tena. Siku ya Mashujaa mwaka huu tunakwenda Naliendele kwa Baba. Koasta inatoka Rangi Tatu alfajiri ya tarehe 24. Mtu mzima elfu hamsini, tumeni kwangu.

Shangazi Mwajuma 19:48
Jamani, naona tiki za bluu tu.

Rajabu 20:11
Waalaykum salaam. Naliendele si kule kwenye utafiti wa korosho?

Shangazi Mwajuma 20:12
Hukohuko Mtwara. Makaburi ya wanajeshi yako huko.

Fetty 20:15
Mi nilijua Babu yuko Kaboya na wale wa vita vya Amin 😳

Shangazi Mwajuma 20:21
Kaboya ni Muleba, ya vita vya Kagera. Vile Baba alirudi mzima. Vilivyomchukua ni vya Msumbiji, serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, wenyewe kwa wenyewe. Rais wao Samora alipokufa Oktoba 1986 jimbo la Zambezia lilikuwa limebanwa vibaya, jeshi letu JWTZ wakaenda kusaidia. Wenzake walirudi 1988. Amani yenyewe imekuja 1992. Haya mambo mjue, ni babu yenu.

Rajabu 20:24
Basi mimi naweka upinde na mishale, kama wakubwa wanavyoweka silaha za jadi mnarani siku hiyo. Mkuki na ngao nani? 😂

Fetty 20:24
Mkuki ni wa Rais. Wewe beba ndoo ya maji 🤣

Shangazi Mwajuma 20:26
Nazungumzia kaburi la baba yangu. Hela.

Ba'mdogo Salumu 21:15
Dada, Mnazi Mmoja pana mnara wa mashujaa, daladala moja tu. Tukaweke shada pale, tusome dua, turudi tule. Kwangu tuko wanne, hiyo ni laki mbili. Na kabla ya mchango mpya, zile za msiba wa Kaka Hamisi zisomwe. Turubai lililipwa mara ngapi?

Shangazi Mwajuma 21:17
Daftari nilikukabidhi wewe, siku ya kuanua tanga.

Ba'mdogo Salumu 21:19
Daftari liliondoka na mtu wa Lindi, unamjua.

Mama Rehema 21:30
🙏🏾

Rajabu 21:31
Imeanza

Fetty 22:41
Niko na Bibi, nimemsomea zote. Kasema niandike nisikate neno:

"Salumu, mnara wa Mnazi Mmoja ni wa watu wote. Baba yako yuko Naliendele. Aliondoka nina mimba yako. Alikaa kizingitini akikaza kamba za buti, akaniambia redio iko kwa fundi Temeke, nikaichukue. Nikaichukua. Walipokuja kunipa habari, wameshamzika. Nilikwenda kaburini nimekubeba mgongoni, Rufiji tunavuka kwa kivuko, daraja bado. Wewe huna kumbukumbu hata ya hilo kaburi. Mambo ya turubai mtazungumza nikishakufa."

Ba'mdogo Salumu 23:20
Nimesikia Mama. Yangu na ya mama Rehema mwisho wa mwezi. Watoto nitaona.

Shangazi Mwajuma 23:22
Watoto nusu. Mama akae mbele kwa dereva, miguu inamvimba.

Rajabu 23:24
Kwani Bibi naye anasafiri? Na presha ile?

Fetty 23:25
Kasema anakwenda. Kashalala.

Shangazi Mwajuma 23:31
Waliotuma: Fetty, Rajabu nusu. Mwenye koasta anataka kianzio Ijumaa.

Shangazi Tatu 00:52
Ndo natoka zamu. Koasta ya kwenda wapi?