Apu za hali ya hewa za siku 14 zinatumalizia riziki Paje, na mameneja wanaziamini kuliko bahari wanayoiona dirishani

Wakuu, salaam. Naandika na hasira, kwa hiyo nikikosa adabu mahali mtanivumilia.

Mie ni nahodha wa boti ndogo ya mashine hapa Paje, mashariki ya Unguja. Napeleka wageni mwambani, wengine wa miwani ya kuzamia, wengine wa ubao wa mawimbi, na upepo wa kusi ukishika nakuwa boti ya uokozi ya wale wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya maji. Tangu mwisho wa mwezi wa tano hadi leo Jumapili tarehe 8 Juni 2025 nimepoteza safari saba. Saba! Mashine nzima, mafuta yapo, dhoruba hakuna. Zimeondoka kwa sababu ya kiwingu chenye radi kilichochorwa kwenye simu.

Iko hivi. Kuna hoteli moja (jina naliacha, bado nataka kula hapo) imeleta meneja mpya. Kijana mzuri, msafi, ana adabu. Wiki yake ya kwanza tu akafungua apu ya hali ya hewa, akachukua utabiri wake mpaka ulipoishia, za mwisho akajazia mwenyewe, akatengeneza "ratiba ya bahari" ya wiki tatu. Kijani maana yake safari ipo, njano tutaangalia, nyekundu hakuna kutoka. Akaichapisha. Akaipiga lamineti! Wakuu, utabiri unaobadilika mara nne kwa siku mtu kaupiga lamineti na kuubandika mapokezi kama picha ya Rais.

Alhamisi tarehe 29 Mei ilikuwa kijani. Wageni tisa, kuondoka saa nne asubuhi. Nilimpigia usiku wake nikamwambia, bosi, mwezi ni mchanga, tuko kwenye bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, saa nne kesho hakuna maji ya kuelea hata ngalawa, achilia mbali boti yenye mashine. Akanijibu kwa upole kabisa, "Nahodha, upepo ni mdogo, mawimbi madogo, siku ni ya kijani."

Sawa. Nimekwenda, kazi ni kazi. Saa nne boti imelala ubavu mchangani kama ng'ombe anayecheua. Bahari imekwenda zake kule mwambani. Wageni wakaamua kutembea kwa miguu kuifuata, na njia waliyoshika ndiyo hiyo inayopita katikati ya mashamba ya mwani. Wanakata kamba, wanakanyaga mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, wanapiga picha. Bi mkubwa mmoja akainuka na mafungu yake ya mwani mkononi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akanitazama mimi, wageni hakuwatazama. "Mwanangu, hiyo simu yenu haikuambieni kama leo bamvua?"

Nilitamani mchanga unimeze. Wale akina mama wanalima mwani ufukwe huu tangu 1989 ulipoanza kulimwa kibiashara hapa mashariki, wanatoka na maji na kurudi na maji, na hakuna hata mmoja anayepakua kitu ili kujua kama leo kunakupwa saa nne.

Sasa sikieni upande wa pili. Kuanzia tarehe 3 hadi 6 Juni ratiba ilikuwa nyekundu mfululizo. Radi, mvua, "wimbi mita 2.1". Safari nne zikafutwa, na rubuni, yaani malipo ya awali, nikaambiwa nirudishe. Mafuta nilikwishanunua. Basi nini kilitokea? Maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kukupwa sana. Saa nne asubuhi maji yamejaa ndani ya mwamba, yametulia, upepo wa kusi wa kawaida tu wa mwezi wa sita, manyunyu ya dakika kumi asubuhi moja kisha jua. Boti yangu inaelea mbele ya hoteli, wageni wako bwawani wananiangalia, nami nawaangalia. Jioni mmoja akaandika mtandaoni kwamba alikuja Zanzibar msimu mbaya.

Nisieleweke vibaya, mimi si mzee wa kupinga simu. Simu ninayo na apu za upepo ninazo tatu. Kinachonikera ni watu kushindwa kutofautisha kinachoweza kujulikana wiki tatu kabla na kisichoweza kujulikana.

Maji yanajulikana. Leo hii, bila kuangalia mahali, nakwambia mwezi unakuwa mpevu tarehe 11, kwa hiyo tarehe 12 hadi 14 tuna bamvua, kunakupwa kwenye saa nne na tano asubuhi, na kunajaa saa kumi na kuendelea alasiri. Tarehe 19 na 20 yatakuwa maji mafu, maji yamejaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mwezi wa giza ni tarehe 25, bamvua inarudi tena tarehe 26 hadi 28, na saa zake ni zilezile. Hiyo ni ratiba ya wiki tatu, na hii ndiyo ungeweza kuipiga lamineti. Kwenye bamvua tofauti ya maji yakijaa na yakikupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Kwenye maji mafu ni mita moja na kidogo. Ndiyo maana Iddi Ndogo kila mwaka ukitoka kuswali unakuta pwani nzima mchanga, kwa sababu mwezi umeandama jana yake na bamvua haikosi. Mtoto wa skuli wa Jambiani anajua hili. Meneja mwenye shahada hajui, na hataki kuuliza.

Upepo na mvua za siku ya 14 hazijulikani. Nimejisumbua kusoma haya mambo, maana nilidhani labda mjinga ni mimi. Modeli ya kompyuta ya Wamarekani inayolisha apu nyingi za bure, GFS, inakokotolewa upya mara nne kwa siku na inafika siku 16 mbele. Kufika ni kitu kimoja, kupatia ni kingine. Kosa dogo la leo linazaana kila siku inayopita, na ukivuka wiki moja hivi, lile jibu la saa fulani ya siku fulani linakuwa kama kurusha shilingi. Hata msimu wenyewe apu haiujui kwa jina. Mwezi wa sita hapa ni kusi. Litavuma siku nyingi, siku mbili tatu litalegea, mvua zitakuwa za kupita. Mtu yeyote wa pwani atakwambia hivyo bila intaneti, na atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kile kiwingu.

Nina ushahidi. Utabiri wa tarehe 5 Juni niliupiga picha kwenye apu ileile mara tatu. Nilipoiangalia tarehe 24 Mei ilisema upepo wa noti 22 na radi. Tarehe 28 ikasema noti 9 na jua. Tarehe 2 Juni ikasema noti 17 na mawingu. Siku yenyewe ilipofika kaiti zilikuwa hewani tangu saa saba, nakadiria noti 16, yaani kama kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo ilipobaki siku tatu ilipatia vizuri, naipa haki yake. Meneja aliichukua ile ya tarehe 24.

Halafu hii ya "wimbi mita 2.1" ndiyo inanipandisha presha zaidi. Mita 2.1 wapi? Modeli inakata dunia visanduku, na hicho cha data ya GFS inayotolewa bure ni kama kilomita 28 kila upande. Kisiwa chetu kwa upana hakifiki kilomita 40! Kisanduku kimoja kinaweza kumeza Paje, msitu wa Jozani na kipande cha bahari kuu, kisha kikatoa namba moja kwa wote. Lile wimbi ni la nje, kwenye kina. Likifika linavunjika mwambani, na ndani linabaki povu na ngurumo ya mbali ambayo wageni wanapenda kulalia. Maji yakikupwa hata mtoto anacheza. Yakijaa sana kwenye bamvua wimbi kiasi linavuka mwamba, hapo pana chakuchaku kidogo ufukweni. Apu haioni mwamba. Kwa apu, Paje ni bahari tupu.

Na hapa nitasema jambo zito kidogo. Hatari ya kwetu kubwa iko mlangoni, pale mwamba ulipokatika boti zinapotokea. Siku ya bamvua maji yakiwa yanatoka, mkondo unasukuma nje kwa nguvu, kusi linaleta mawimbi ndani, vinakutana uso kwa uso mlangoni. Mawimbi yanasimama kama ukuta, mafupi, yamekaribiana. Siku hiyo apu inaweza kuonyesha mita 1.3 na rangi ya kijani kibichi kabisa, na boti ikapinduka. Sasa mtu anayepanga safari kwa rangi atamtuma nahodha asiyejua mlango saa mbaya kuliko zote, siku "nzuri". Hilo linanitisha zaidi ya hela zangu.

Kuna jingine, hili la kuchekesha. Mgeni mmoja wa wiki iliyopita alikuja na jedwali la maji kwenye simu yake, nikafurahi, nikasema afadhali huyu. Kumbe jedwali liko kwenye saa za Greenwich, masaa matatu nyuma yetu. Akaenda kutafuta viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, saa ambayo maji yamemfika kifuani. Akaenda jikoni kumuuliza mpishi maji yanajaa saa ngapi, mpishi akamwambia saa nane, akaja saa mbili asubuhi kunisubiri. Yule simlaumu, nilimpa chai.

Naomba pia tusidanganyane upande wetu. Wazee nao hukosea. Mwaka jana mie mwenyewe niliangalia mawingu ya Bwejuu nikasema hayaji huku, nikawalowanisha familia nzima na mtoto mchanga, na apu ilikuwa imesema mvua saa ileile. Niliomba radhi na hela sikuchukua. Kwa hiyo kwa upepo wa kesho na keshokutwa, simu ni chombo kizuri, tena mie bila hiyo siku hizi siwapeleki watu wa kaiti.

Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa siku tano zijazo, mie sishushi boti hata uniwekee dola mezani. Mnakumbuka Hidaya. Kimbunga kile kilifika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, na tahadhari yake tuliipata siku chache kabla, zikatutosha kuvuta vyombo hadi kwenye minazi. Siku chache, wakuu. Kimbunga chenye jina lake kinaonekana siku chache kabla, ila manyunyu ya Paje ya saa tisa alasiri eti tunayajua wiki mbili kabla.

Ninachodai si kikubwa. Hoteli zipange safari kwa jedwali la maji kwanza, mwezi mzima mbele, hilo halibadiliki. Upepo na mvua tuangalie siku mbili au tatu kabla, na nahodha aulizwe asubuhi. Rubuni isirudishwe kwa sababu ya picha ya wiki mbili. Nahodha akisema hakuna kutoka, hapo irudishwe yote, mie nitakuwa wa kwanza kuirudisha. Na wageni wasipitishwe kwenye mwani wa watu. Zile kamba walizokata nimelipa mimi.

Wenzangu wa Nungwi, Diani, Mafia, nyie mnafanyaje? Au ni sisi tu tuliopewa meneja wa lamineti?

NYONGEZA (saa mbili usiku): Naona mmoja wenu kaandika kwamba nina wivu na teknolojia na hoteli ina haki ya kulinda wageni wake. Ndugu yangu, walindwe na nini? Alhamisi ile ya kijani walitembea mwambani na viatu vya plastiki, mmoja kachomwa na miiba ya fuu la bahari, mguu niliukamulia ndimu mimi.

Na aliyeuliza kama kesho natoka: kesho Jumatatu maji yanajaa alasiri, nashusha boti saa nane ya Kiswahili. Ratiba ya mapokezi inasema njano. Meneja kaniandikia sasa hivi kuuliza njano maana yake tunakwenda au hatwendi, nimemwambia afungue dirisha la ofisi yake atazame, bado hajajibu.