Yule MC aliyemuuliza mzee wangu "umekuja na maji?" ajue nimeanzisha uzi

Wakuu, salaam. Mnisamehe kwa herufi kubwa zitakazojitokeza, mikono inatetemeka. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hata koti sijavua. Pilau nimeliacha mezani. Rudieni hiyo sentensi: pilau, mezani, na nyama juu.

Mods nawaomba msiuhamishe kule kwenye vichekesho.

Yule MC. Simtaji, mnamjua. Yule wa suti inayong'aa mpaka mpiga picha anazima flashi. Yule wa "haya sasaaaa" kila baada ya maneno matatu. Aliyemwita mama mkwe wa watu "bi harusi mstaafu" mbele ya mume wake. Huyo huyo, wala msijifanye hamumjui, nusu yenu amewasherehesha.

Basi leo harusi ya binamu yangu, tumefika utambulisho upande wa bwana harusi. Mzee wangu kasimama, shati la kitenge, kofia mkononi. Maisha yake yote ya kazi yameishia pale Fire, kituo cha zimamoto cha Morogoro Road, Dar. MC anasoma karatasi: "Baba mdogo wa bwana harusi, mstaafu wa zimamoto." Halafu akanyamaza. Kile kimya chake mnakijua, kile cha kutafuta mtu wa kumla.

"Haya sasaaaa... Mzee, leo umekuja na maji?"

Ule utani wenu wa kila siku, kwamba zimamoto hufika bila maji. Na DJ akapiga king'ora.

Ukumbi mzima chini! Mama wa bibi harusi, mtu ambaye bado anatudai nusu ya mahari, kajifunika mtandio mabega yanaruka. Wahudumu wanacheka trei zikigongana. Mtoto wa miaka mitatu anacheka, hajui hata moto ni nini. Mzee akatabasamu, akakaa, akaikunja ile kofia akaiweka chini ya paja. Mpaka keki inakatwa hakuitoa.

UMEKUJA NA MAJI. Mtu ana mvi!

Sasa kwa kuwa kipaza sauti sikupewa, nitaongelea hapa. Wengi wenu Fire mnaijua kama mahali pa kushuka. Zamani konda anagonga bodi, "Fire wapo?", tangu 2016 ni mwendokasi, mlango unafunguka, huyo unakatiza Upanga. Hata shingo hujawahi kuigeuza ukajiuliza kwa nini panaitwa hivyo. Mle ndani kuna watu wanalala buti zikiwa wazi pembeni ya kitanda, suruali imeshavishwa juu ya buti, mtu anatumbukiza miguu, anavuta, anakimbia. Mimi nikiwa mdogo nilidhani baba wote duniani wanavua suruali namna ile. Mama alishakataza nyumbani lakini wapi.

Enzi zake za mwanzo zimamoto lilikuwa mali ya halmashauri. Yaani gari la kuzima moto na gari la kuzoa taka wana bosi mmoja. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji imekuja 2007, ndipo vikosi vya halmashauri vikaanza kukusanywa chini ya Mambo ya Ndani, vyeo vikaja, gwaride likaja, Kamishna Jenerali akaja. Mzee alijikuta anampigia saluti kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukunja mpira. Hakulalamika. Alichokuwa analalamikia ni mipira ya kitambaa ya zamani, kwamba usipoianika ikakauka vizuri inaoza, na siku ya moto inapasuka mkononi mwako.

Na hayo maji sasa. GARI LINAKUJA NA MAJI. Narudia kwa faida ya DJ. Tanki la gari la kawaida ni lita elfu mbili, mengine zaidi. Mpira mmoja mkubwa ukifunguliwa kwa presha unakunywa lita mia nne na ushee kwa dakika. Piga hesabu. Dakika tano. Ukifungua mipira miwili ni dakika mbili na nusu, hata wimbo wa kuingiza keki haujaisha. Baada ya hapo unatafuta haidranti, lile bomba la mtaani la kujazia gari la zimamoto. Haidranti iko wapi? Chini ya banda la chipsi. Au mwenye fremu kaimwagia zege apate pa kuegesha. Au unaifungua inakutolea upepo na mende wawili.

Mtasema wavute mtoni. Haya, ukivuta maji ya bwawa au mto lazima pampu iondoe kwanza hewa kwenye ule mpira mgumu, na maji yakiwa chini zaidi ya mita saba hivi, hata uwe na pampu iliyoshushwa na malaika haivuti, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa, pampu inatengeneza nafasi tu. Haya nimeyajua kabla sijajua kusoma saa. Kwa hiyo walikuja na maji, YAKAISHA, na wewe uliyepiga simu ulikuwa umeshaita majirani, umeshamwaga ndoo, umeshachukua video, umeshagombana na mwenye nyumba, ndipo ukakumbuka 114, namba ya zimamoto.

Halafu kile king'ora! Kilikuwa cha polisi wa Marekani kwenye filamu! Wala si cha zimamoto! Mnamtukana mtu hata king'ora hamjatafuta!

"Umekuja na maji." Na suti ile.

Shangazi wa Mtandao: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole mkuu, ila "leo umekuja na maji" hiyo ni kali, tuwe wakweli.

Mtoto wa Kota (mleta mada): Wewe ndiye ulikuwa meza ya kwanza kulia. Nakujua.

Pweza Mkavu: Mkuu hilo pilau uliacha na kachumbari au kachumbari ulikula?

Mtoto wa Kota: Mtu anaongea mambo ya heshima ya mzazi wewe unauliza kachumbari.

Pweza Mkavu: Kwa hiyo ulikula.

Konda Mstaafu: Povu lote hili lingetosha uwanja wa ndege. Ila kwenye ile bodi umenikumbusha mbali. Fire pale nilikuwa nashusha wanafunzi mpaka mkono unaota sugu, na sikuwahi kuona gari likitoka. Siku nimeliona linatoka, lilikuwa linakwenda kuoshwa.

Mtoto wa Kota: Gari likitoka kila siku maana yake mji unaungua kila siku. Ndicho unachotaka?

Mjuvi wa Kale: Mleta mada, umesema king'ora kama vile ndicho cha asili. Magari ya zimamoto ya Kiingereza yalitembea miaka mingi kwa kengele ya shaba. Kampuni ya Dennis ya Guildford, Uingereza, iliuza gari lake la kwanza la zimamoto mwaka 1908, kwa mji wa Bradford. Wazima moto walikaa pembeni kwa nje wakiangalia barabarani, wameshika vyuma, kona ikija vibaya mtu anabaki njiani. Muundo ule ukiuita Braidwood wenyewe wanakuelewa, kwa jina la mkuu wa zimamoto wa London aliyeangukiwa na ukuta kwenye moto wa Tooley Street mwaka 1861. Kwa hiyo DJ angepaswa kupiga kengele.

Mtoto wa Kota: Nakushukuru mkuu, wewe peke yako umeelewa mada.

Mjuvi wa Kale: Sijasema nakuunga mkono. Nimesema kengele.

Lulu ya Tandika: Tusitanie sana jamani. Julai 10, 2021 soko la Kariakoo lilipoungua nilikuwa na meza ya pembejeo mle ndani. Nimefika usiku kamba zimeshavutwa, askari wamesimama, najua kabisa meza yangu iko upande gani na naona moshi unatokea upande huohuo. Lile soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lile lenye paa la miavuli ya zege, nilidhani zege haliungui. Zege halikuungua, niliungua mimi na mkopo wa kikundi.

Mtoto wa Kota: Pole sana dada. Mzee alikuwa ameshastaafu, lakini usiku ule alivaa buti akakaa nazo sebuleni mbele ya TV. Sasa huyo ndiye wa kuulizwa kama kaja na maji?

Shangazi wa Mtandao: Umerudi kwenye maji tena.

Wa Kilimani: Huku kwetu Unguja ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, hatuna Jeshi, na kule Mji Mkongwe mwambie mzee wako ajaribu kupitisha hilo gari lake la lita elfu mbili kwenye vichochoro. Punda anakwama, sembuse gari.

Msafiri wa Githurai: Nyinyi mko na bahati. Huku Nairobi kituo kiko Tom Mboya Street, katikati ya jiji kabisa, tangu hiyo barabara ikiitwa Victoria. Halafu Januari 28, 2009 supermarket ya Nakumatt Downtown ikashika moto hapo karibu, mtu anaweza kutembea kutoka kituo hadi pale, na watu 29 wakafariki. Sisi hatuulizi kama wamekuja na maji. Tunauliza kama watapita kwa hiyo jam.

Konda Mstaafu: Jam ya Nairobi hata moto wenyewe ungechelewa kufika.

Msafiri wa Githurai: Ndugu, hiyo umeongea ukweli mchungu.

Hesabu za Kijiwe: Mnalilia magari mmesahau ule mkataba? Euro milioni 408 za vifaa vya zimamoto. Januari 2020 Rais Magufuli akauliza Bunge limeupitisha lini, waziri wa Mambo ya Ndani akaondoka, Kamishna Jenerali akaondoka. Kwa euro zile kila banda la chipsi lingepewa gari lake na dereva. MC angeuliza "umekuja na Bunge?" ningesimama kumpigia makofi.

Mtoto wa Kota: Mzee wangu hajawahi kuiona euro hata moja kwa macho. Rudini kwenye mada. MC.

Fundi Bomba: Mada ya haidranti mleta uzi ana hoja. Mimi nachimba mitaro ya mabomba, nimeshakutana na mfuniko wa chuma nusu mita chini ya lami, umefukiwa na barabara mpya. Nikamwambia msimamizi hapa pana haidranti, akaniambia hapa pana siku mbili za kumaliza kazi.

Bibi Mkubwa wa Mbezi: Ngoja kwanza, huyu MC ni yule mfupi wa Mbezi aliyesahau jina la bwana harusi akamwita "mwanangu wa kiume"?

Shangazi wa Mtandao: Hapana, ni yule mrefu mwenye kipara aliyeimba taarabu kwenye kipaimara.

Lulu ya Tandika: Mimi nilijua ni mwanamke.

Mtoto wa Kota: Mnajua fika ni nani! Suti inayong'aa!

Konda Mstaafu: Mkuu, MC gani suti yake haing'ai?

Bibi Mkubwa wa Mbezi: Kama ni yule wa Mbezi basi ndiye huyohuyo alitudai nauli ya kurudi wakati alikuja na gari letu.

Kadi ya Single: Mimi nashangaa mnamjadili MC wakati kuna watu wa kamati. Nimechanga laki nzima, kadi nimeandikiwa single, kufika ukumbini naambiwa vinywaji ni tiketi mbili. Soda mbili! Laki! Mwenyekiti wa kamati mezani kwake kuna ndoo tatu za barafu.

Pweza Mkavu: Laki unapewa soda mbili? Mimi nilichanga elfu hamsini nikaingia na shemeji, mlangoni nikasema sisi ni wapiga matarumbeta.

Kadi ya Single: Mlangoni walikuamini?

Pweza Mkavu: Shemeji ana mashavu.

Mtoto wa Kota: Naomba tusitoke nje ya mada. Mzee bado ameshika ile kofia hapa sebuleni.

Bibi Mkubwa wa Mbezi: Mpe chai mwanangu, atalala. Kadi ya Single, kuku mlipewa kipande gani? Siku hizi nikienda harusi tatu, zote tatu nachotewa shingo, mpaka nimeanza kujiuliza hawa kuku wanafugwa wenye shingo ngapi.

Kadi ya Single: Mgongo. Na ule mgongo ulikuwa mwembamba kuliko uma.

Fundi Bomba: Wahudumu wanaficha mapaja jikoni, nina ushahidi, nilishawahi kwenda kurekebisha sinki la ukumbi mmoja katikati ya sherehe.

Lulu ya Tandika: Fundi anzisha uzi wake huo, weka na picha za sinki.

Fundi Bomba: Naandika sasa hivi. Msinitangulie.