Dokezo la bosi likiandikwa kwa LibreOffice, litafunguka Mtumba?

Kijana_wa_Bahi Road: Wakuu habari za jioni. Mimi ni afisa TEHAMA halmashauri moja huku Dodoma, tuna kompyuta kama 40 nyingi bado zipo Windows 10 na mnajua Microsoft waliacha kuisapoti Oktoba 2025, zingine ni kuukuu hata 11 hazipandi. Word yenyewe nusu ya mashine ni ya kukraki (msinichome). Nikamshauri bosi tuhamie Linux (badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Word na Excel), bure, hakuna leseni, akaniuliza swali moja tu, "dokezo langu likifika Mtumba kule wizarani litafunguka?" Nikabaki nakuna kichwa.

fundi nkuhungu: Mkuu usianze na Linux utaaibika. Weka LibreOffice juu ya hiyohiyo Windows kwanza. Wale askari wa Gendarmerie wa Ufaransa ndo walipita njia hiyo, 2005 wakaanza na OpenOffice, ndugu yake LibreOffice, Ubuntu ambayo ni aina ya Linux ikaja baadae watu wameshazoea. Halafu ingia kwenye seting uiambie isevu docx yenyewe, faili la Word, hilo usisahau!! Sisi tulisahau, katibu muhtasi akatuma barua ikiwa odt, faili la LibreOffice, upande wa pili wakapiga simu eti tumewatumia virusi 😂

Mkaguzi: Mnampoteza. Jiji la Munich waliamua 2003 kuhamia Linux, 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows, na wale ni Wajerumani wenye hela. Wewe una mhasibu ana Excel ya bajeti imejaa makro, zile amri za kujiendesha zenyewe, igusishe LibreOffice uone.

dada takwimu: @Mkaguzi mhasibu muachie Excel yake, kwani lazima wote wahame siku moja? Mbona takwimu za afya tunaingiza DHIS2 miaka yote na ni programu huria kama hizo, bure bila leseni ya kununua, imetoka Chuo Kikuu cha Oslo, na sijasikia mtu analalamika. Ila tulifundishwa tukiwa tumekaa kwenye mashine, sio semina ya nusu siku na soda.

Kijana_wa_Bahi Road: Asanteni. Leo nimejaribu Linux na LibreOffice kwenye mashine moja ya masijala, nikachukua dokezo la zamani lenye Times New Roman nikalifungua, yenyewe ikaweka fonti yake ya Liberation Serif na mistari haijahama, ila jedwali la posho limeruka ukurasa wa pili. Mama wa masijala kaangalia wee, kaniuliza, "na ile nembo ya juu umeipeleka wapi?"

fundi nkuhungu: Nembo irudishe leo leo kabla bosi hajapita hapo.