Nimepandishwa kuwa radiografa sinia kwenye tiba ya mionzi, mashine ikizima halafu ikarudi nani aanze?

mionzi_kla
Habari zenu wakuu, hasa nyinyi wa tiba ya mionzi, wale wa eksirei leo mtanisamehe. Niko Kampala, kituo sitakitaja. Mwaka huu nimepandishwa kuwa radiografa sinia, yaani mkubwa wa wanaoendesha mashine, na nilidhani ni mshahara kuongezeka kidogo na kazi ile ile, kumbe ile raha ya kuingia bunka (chumba cha mashine ya mionzi), kumlaza mgonjwa, kupanga leza na kutoka imepungua sana, sasa mimi ndiye wa kupigiwa simu alfajiri. Mgonjwa wa Kitgum nauli imemwishia, daktari anataka mtu wake aingie leo leo, ndugu wa mkubwa fulani anauliza kwa nini jina la mkewe liko chini.

Shida yangu hasa ni hii. Mashine ikisimama siku mbili tatu (na zinasimama, mara umeme, mara mtambo wa kupoza maji, mara spea inangojwa kutoka nje), siku ikirudi nakuta watu wote wamejaa pale na kila mmoja ana haki yake. Vijana wangu wamezoea kufuata daftari, aliyeandikwa kwanza ndiye analala kwanza. Inaonekana ni haki lakini moyo haukubali. Nyinyi wenzangu mnapangaje?

bibi_bunka
Hongera ya cheo na pole ya cheo, vinakuja pamoja.

Hilo daftari lifungie kabatini. Kansa hazina mwendo mmoja. Ya mlango wa kizazi, na zile za kichwa na shingo kama koo na ulimi, ukishaanza kuzipiga mionzi seli zinazobaki hai zinaanza kuzaana kwa haraka kuliko mwanzo, kwa hiyo kila siku kozi inayorefuka unapoteza karibu asilimia 1 ya nafasi ya kuidhibiti. Mama wa mlango wa kizazi tunataka mionzi ya nje na ile ya ndani zote ziwe zimeisha ndani ya wiki 8, na Uganda hii ndiyo kansa inayoongoza kwa akina mama, basi hao ndio nusu ya benchi lako. Sasa umweke nyuma ya mzee wa tezi dume ambaye yuko kwenye homoni na angesubiri siku kadhaa bila neno, eti kwa sababu mzee aliandikwa mapema? Hapana bwana.

Mimi juu kabisa naweka dharura, yule uvimbe unambana uti wa mgongo na miguu imeanza ganzi, au damu inavuja haikatiki, huyo hangoji kesho maana miguu ikishalala kuirudisha ni kazi. Halafu walio katikati ya kozi za kuponya, wa shingo na mlango wa kizazi kwanza, matiti na tezi dume wanafuata. Ambao hawajaanza kabisa wangoje kidogo, bora kuchelewa kuanza kuliko kukatwa katikati. Wa kutulizwa maumivu vitabu vinawaweka mwisho na hapo mimi na vitabu hatuelewani sana, mtu mfupa unamuuma, anahitaji greyi 8 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi) mara moja tu basi, ni dakika chache kitandani, mwingize jioni arudi kwao apumzike, kwa nini alale varanda wiki nzima kwa kitu cha mara moja?

fizikia_tu
Naongezea hapo kwa bibi, mimi ni fizisisti, wa kupima na kukokotoa dozi. Watu wengi wanafikiri mgonjwa akikosa siku 3 unamwongezea siku 3 mwishoni na hesabu imekaa sawa. Dozi itatimia ndiyo, lakini muda umeshapita na uvimbe ulikuwa haulali. Kwa wale wa shingo na mlango wa kizazi kozi isirefuke zaidi ya siku 2, kwa hiyo unafidia ndani ya muda ule ule, ama mnafungua Jumamosi ama anapigwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, zikiachana saa 6 au zaidi ili nyama isiyo na kansa ipate kujirekebisha. Lakini hilo usiliamue mwenyewe kwenye korido, ni la daktari na fizisisti, kazi yako sinia ni kutuletea majina na idadi ya siku walizokosa, na ulete siku ile ile, usingoje Ijumaa.

Kama mna kobalti (mashine yenye chanzo cha mionzi ndani yake) na linaki (inayotengeneza mionzi kwa umeme) usimhamishe mtu kutoka huku kwenda kule kwa sababu tu mashine yake imekufa. Kobalti inapigia umbali wa sentimita 80, linaki 100, na mionzi haizami mwilini sawasawa, plani lazima ifanywe upya. Najua wenye haraka hawapendi kusikia hivyo.

Halafu wa kobalti angalieni na dakika zenu. Chanzo kinapungua nguvu karibu asilimia 1 kila mwezi, kikifika miaka 5 na kidogo kimebaki nusu, yaani mtu aliyekuwa analala dakika 2 sasa analala 4. Ukiendelea kupanga idadi ile ile ya wagonjwa kwa siku kama wakati chanzo ni kipya, foleni utaitengeneza wewe hata mashine ikiwa nzima kabisa.

Na fundi akishaondoka msikimbilie mgonjwa. Leza kwanza, kufuli za mlango, kamera, na dozi ipimwe isipishane na kiwango kwa zaidi ya asilimia 3. Watu nje watanung'unika, waacheni wanung'unike.

mwana_wa_koboko
Mimi si musawo (mganga), niko humu kwa sababu mamangu alipigwa mionzi ya mlango wa kizazi. Naomba niseme kidogo upande wetu wa benchi.

Mashine ilipokufa walibandika karatasi mlangoni kwa Kiingereza. Mama anajua Kinubi na Kiswahili. Tulikaa pale tangu asubuhi, aliyetuambia ni mlinzi wa geti, na alisema tu "imekufa, nendeni nyumbani mtaitwa". Nyumbani wapi? Kutoka Arua tu mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, sisi tunatoka mbele ya hapo, kwenda na kurudi watu wawili ni mbuzi ameuzwa. Wengine waliondoka kweli na sikuwaona tena. Jioni akatoka dada mmoja wa mionzi akakaa na sisi hapo chini, akaeleza kwa Kiswahili nini kimeharibika, akasema mama hatapoteza zile alizokwisha kupigwa lakini asikae muda mrefu, akachukua namba ya simu ya kila mtu. Baada ya hapo hata walipotanguliza watu wengine hatukugombana na mtu.

Kwa hiyo sinia, kabla ya kupanga nani aanze uliza kwanza nani anatoka wapi. Ukimrudisha wa Koboko nyumbani umeshamkatia kozi wewe mwenyewe.

kijana_wa_linaki
Haya yote mazuri kwenye karatasi. Ila ukimruka mtu, benchi zima linasema umekula kitu kidogo, na wanaotukanwa ni sisi wadogo tunaoita majina, sinia yuko ofisini na simu yake. Angalau daftari halina ndugu.

mionzi_kla
@kijana_wa_linaki hilo ndilo linanifunga mikono, umelisema vizuri kuliko mimi. @mwana_wa_koboko asante sana na pole, mama anaendeleaje?

mwana_wa_koboko
Yupo, anaenda kliniki ya kuangaliwa, analima kidogo kidogo.

bibi_bunka
Kijana, daftari lina ndugu tena wengi. Nenda kaangalie ni nani anaandikwa saa kumi na moja alfajiri. Ni yule wa Ntinda, hapa hapa mjini, aliyekuja na boda. Wa mbali amelala kwenye hosteli au kwa shemeji huko Wakiso anangoja taksi ijae, akifika yuko namba arobaini. Usiniambie hiyo ni haki.

Ila kuhusu kutukanwa una haki kabisa, na hapo ndipo kazi ya sinia ilipo. Orodha usiitunge mdomoni. Mashine ikisimama tu mnakaa daktari, fizisisti na wewe, kila jina linapewa kundi lake na sababu, daktari anasaini, inaingia kwenye faili. Ya ukutani weka namba za wagonjwa na saa tu, ugonjwa wa mtu usiubandike. Na anayetoka nje kueleza benchi ni wewe sinia, usimtume kijana. Ndugu wa mkubwa akija mwonyeshe sahihi ya daktari, mara nyingi anakaa kimya. Wazee wa kaskazini wengi walipita jeshini, Kiswahili wanakielewa vizuri sana, kwa wengine tafuta mkalimani kati ya wagonjwa wenyewe, sio mhudumu anayepita.

Mnakumbuka 2016 ile kobalti ya hospitali ya Mulago ilipokufa? Ilikuwa imenunuliwa 1995 na ndiyo ilikuwa ya pekee nchi nzima, hapakuwa na cha kupanga, mwenye uwezo alivuka kwenda Nairobi na asiye nao alikaa, mpaka mpya ikazinduliwa Januari 2018. Siku hizi angalau kuna cha kupanga, basi kipangwe.

Jambo jingine mionzi_kla, simu zisikutoe bunka. Ingia hata kwa wagonjwa wachache kila siku. Wa shingo wakikaa nje ya mionzi siku kadhaa wanarudi wamekonda, kumeza kunauma hawali, barakoa ya plastiki iliyofinyangwa usoni mwao wiki ya kwanza sasa inacheza. Pitisha kidole kati ya shavu na plastiki, kikipita bila kugusa simamisha, piga picha za kuhakiki, mwite daktari. Kijana mwenye benchi limejaa nje atakaza skrubu na kuendelea, simlaumu, ndiyo maana wanataka sinia pale ndani.

kijana_wa_linaki
Haya bibi, kwa hilo la Ntinda nimeshindwa. Lakini Jumamosi nani analipa? Maana tukifungua Jumamosi posho inakuja baada ya miezi au haiji.

fizikia_tu
Hapo ndugu yangu hata mimi nangoja jibu.

mionzi_kla
Hiyo posho naiandikia barua wiki hii, kwa maandishi na hesabu ya wagonjwa waliofidiwa, wakikataa wakatae kwa maandishi pia. Bibi, hiyo fomu ya makundi unayo tayari au nianze kuchora yangu?

bibi_bunka
Ninayo, nakutumia inboksi. Ni ya linaki lakini, kama wewe ni wa kobalti ongeza safu ya dakika na uibadilishe kila mwezi.