Mkono wa breki ya mbele unagusa grip hata baada ya kutoa upepo

Mnyororo428: Wakuu, naombeni msaada. Pikipiki cc 150, disk mbele, kalipa (kifaa kinachobana disk) ya pistoni mbili, haina ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga). Nimeweka sili (mpira wa kuzuia mafuta) mpya kwenye masta, ile pampu ya breki pale kwenye mkono, nimetoa upepo mpaka nusu lita ya mafuta ya breki DOT 4 imekwisha. Mapovu hayatoki tena kwenye nipo (kichuchu cha kutolea upepo kwenye kalipa), wala hakuna panapovuja. Ila mkono unalala mpaka kwenye grip. Nikipampu harakaharaka mara nane unajaa, nikiuachia dakika moja umelegea tena. Ni masta au kalipa?

Spana8: Pampu mpaka ujae, kisha ushikilie kwa nguvu ileile nusu dakika. Je, unashuka taratibu mkononi au unakaa?

Mnyororo428: Unakaa mkuu. Unabonyea kama sponji, lakini haushuki.

Spana8: Basi sili ya masta iache. Ingekuwa inapitisha, mkono ungezama huku umeushika. Hiyo ni hewa, na nadhani ipo juu kabisa, pale hozi (bomba la mafuta ya breki) inapofungwa kwenye masta. Ukipampu, povu linashuka kidogo ndani ya hozi. Ukiachia linapanda tena. Nipo ya kalipa hailioni kabisa, hata umalize lita nzima.

Geuza usukani hadi masta iwe juu kuliko hozi yote. Zungushia kitambaa boliti ya hozi, vuta mkono, legeza boliti robo zamu, kaza, NDIPO uachie mkono. Ukiachia kabla ya kukaza, inavuta hewa upya. Mara tatu au nne zinatosha.

Mafuta_Mgando: Usitumie DOT 4, weka oili ya injini, haichemki ovyo.

Spana8: Hapana! Oili ya injini inavimbisha sili zote za breki, na zikishavimba ni za kutupa. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. DOT 5.1 si ya silikoni, majina tu yanachanganya watu.

Kalipa_Kushoto: Naongeza mawili. Angalia nipo imekaa upande wa juu wa kalipa. Kalipa ya upande mwingine ikifungwa, nipo inakuwa chini na hewa inabaki juu yake. Ifungue, iinue na kipande cha ubao katikati ya pedi, utoe upepo hivyo.

La pili, fungua kopo la mafuta juu ya masta uvute mkono milimita mbili tatu. Mafuta yaruke kidogo juu ya kile kitundu chembamba kama sindano kilicho chini ya kopo. Kimya? Kimeziba, au pistoni hairudi yote. Kizibue kwa uzi mmoja wa waya wa klachi, usitoboe.

Mnyororo428: Kitundu kipo wazi. Kwenye boliti ya hozi, mara ya kwanza ilitoka "pss" na povu jingi, ya tatu mafuta matupu. Mkono sasa unasimama katikati ya safari yake. Ila kitambaa kimelowa na boliti inatoa unyevu.

Kalipa_Kushoto: Ni washa (pete) za shaba za boliti hiyo, zimeshabonyea. Badilisha zote mbili, usiongeze nguvu ya spana. Boliti ina tundu katikati, inakatika kirahisi. Tanki mwagie maji sasa hivi, DOT 4 inakula rangi.

Spana8: Ukishabadilisha washa, toa upepo tena palepale juu.

Mnyororo428: Sawa wakuu, naenda kununua washa.