Tangi la maji chumvi Bamburi: nataka lijijaze lenyewe bila kufurisha sebule

Bin_Kisima:
Salaam aleikum jamaa wa maji chumvi. Naomba ushauri kabla sijamwita fundi Jumamosi.

Nina tangi la kioo sebuleni, na ukilijumlisha na sampu iliyo kabatini chini yake (tangi dogo ambamo maji huteremkia, kisha pampu huyarudisha juu), maji yote ni kama lita 250. Mna jozi ya samaki wa anemoni, samaki kangaja mmoja mdogo, kamba wawili, konokono na matumbawe laini. Maji nachota Nyali bahari ikijaa, chumvi naiweka 35 kwa elfu. Sasa tangu kaskazi ishike, nyumba yachemka. Nimefunga feni mbili ndogo juu ya maji, joto limeshuka kutoka 30 hadi 27, lakini maji nayo yakauka kama lita 6 kwa siku. Kazi yangu ni ya safari, leo Voi kesho Nairobi, siwezi kukaa na ndoo.

Wiki iliyopita nilimwachia mdogo wangu. Alishika zamu kwa bidii kweli, kila jioni akimimina maji ya bahari, eti tangi la bahari hupewa maji ya bahari. Nimerudi rifraktomita, kile kipimo cha chumvi, yasoma 39. Kamba wamejificha nyuma ya jiwe, hawatoki hata kwa chakula.

Wazo langu: juu ya paa tuna tangi la plastiki la lita 1,000. Fundi wa mfereji asema atateremsha paipu hadi kwenye sampu, aweke floti kama ile ya tangi la choo, basi. Hakuna pampu, hakuna stima. Maji ya paani ni ya kisima, na ya mfereji siku yakitoka. Mwaonaje? Au ninunue ule mtambo wa pampu wenye sensa ya kuona maji yakipungua?

MatumbaweNyali:
Wa aleikum salaam kaka. Kabla ya fundi, anza na hiyo 39. Usiishushe kwa siku moja kwa furaha ya kuona namba nzuri. Toa maji chumvi kidogo, tia maji matamu safi kidogo, siku baada ya siku, isizidi alama moja au mbili kwa siku. Kamba na konokono hawavumilii chumvi kupanda ghafla, wala kushuka ghafla.

Na mdogo wako usimlaumu sana, kosa hilo karibu kila mgeni hulifanya. Yanayoruka hewani ni maji peke yake, chumvi yote hubaki kwenye tangi. Ukirudishia lita 6 za maji ya bahari, umeongeza gramu 210 za chumvi kwa siku moja. Maji ya bahari ni ya kubadilisha, unapotoa maji machafu. Yaliyokauka hurudishiwa kwa maji matamu tu.

Hiyo rifraktomita uliihakiki lini kwa maji ya kipimo, yale yanayojulikana kuwa ni 35? Kwa joto letu hizi za bei nafuu hupotoka.

FundiFloti:
Mimi ni mtu wa floti na nitaitetea floti, lakini fundi wako mzuie mlangoni. Tatizo si floti, tatizo ni lita 1,000 zilizo nyuma yake.

Floti ya kwenye maji chumvi huganda chumvi kwenye bawaba, au konokono hupanda akakaa pale inapofungia. Siku moja haitafunga, hilo hesabu kuwa hakika. Sasa jiulize: siku hiyo ni maji kiasi gani yataingia? Kama nyuma yake kuna mtungi wa lita 20, chumvi yako yashuka kutoka 35 hadi 32 na kitu. Samaki watashtuka, wataishi. Kama nyuma yake kuna tangi la paani, matumbawe yako yamekwisha, zulia limekwisha, na jirani wa chini aja kukugongea.

Kwa hivyo kanuni ni moja: chombo cha maji ya kujazia kiwe kidogo, kiasi kwamba yakimwagika yote kwa mkupuo tangi halifi na sampu haifuriki. Ukishaheshimu hilo, chagua floti, chagua sensa, utakavyo.

Mtoto_wa_Likoni:
Mbona mwajisumbua? AC yangu yatoa maji ndoo nzima kwa siku, matamu, hayana chumvi, bure. Elekeza mpira kwenye mtungi, kwisha kazi. Mvua za masika zikija, waongeza ya paani.

MatumbaweNyali:
Ndugu yangu wa Likoni, hapana. Maji ya AC yapita juu ya mapezi na mirija ya shaba, na njiani hukusanya vumbi na ukungu. Shaba ni dawa ya vimelea vya samaki, lakini ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe, hata kiasi kidogo sana. Na kwenye kujazia haitoki, yazidi kujilimbikiza kila siku. Maji ya mvua kutoka bati la mabati nayo hubeba zinki. Ya AC fulia au oshea gari.

Bin_Kisima:
Nimeelewa, paa nimeachana nalo. Na hayo maji ya kisima je? Nikiyaonja si chumvi sana, chai yapikika.

FundiFloti:
Shekhe, ulimi wa mtu wa Bamburi si kipimo, tumezoea! Nunua mita ya TDS, ya kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ni kijiti kidogo tu cha bei ya chini. Cha kwetu kilisoma elfu na kitu kwa maji ambayo nyumbani wote wanayanywa. Kisima chetu cha pwani kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvi, na visima vingine vina naitreti kwa sababu ya mashimo ya choo yaliyo karibu. Hivyo vyote vyabaki tangini kila maji yakikauka. Miezi michache baadaye waanza kuuliza mbona mwani wa kijani wapanda kioo.

Maji ya kujazia yanatakiwa yasome sifuri au karibu yake. Njia mbili. Ya kwanza, lile duka la mtaani la kujaza mitungi ya lita 20, wengi wanatumia mashine ya RO, inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Nenda na mita yako, pima mbele ya muuzaji, maana wengine hurudishia madini ili maji yawe na ladha. Ya pili, ununue RO yako ya nyumbani yenye kichujio cha resini mwishoni, chembe za kunasa madini yaliyobaki. Utando wa RO huzuia sehemu kubwa, kama asilimia 95 na zaidi, lakini ukianza na elfu moja bado yabaki makumi. Resini ndiyo inayomaliza.

Lakini jua jambo moja, na hili wauzaji hawalisemi. RO yataka msukumo wa bari 3 hadi 4. Tangi la paani lililo mita 5 juu ya mfereji latoa nusu bari. Bila pampu ya kuongeza msukumo utapata matone, na resini itakwisha upesi. Na kwa kila lita safi utamwaga lita tatu au nne. Zikinge, za chooni na kudekia zafaa, za maua usijaribu.

Bin_Kisima:
Basi duka la mitungi kwanza, RO baadaye Mungu akijalia. Sasa floti au sensa?

StimaImepotea:
Hapa ndipo ninapoingia. Mtaani kwetu stima hucheza, inakuja, inaondoka, inarudi, kwa hivyo nimeliangalia jambo hili kwa karibu.

Kwanza mahali. Sensa au floti iwekwe kwenye chemba ya pampu ya kurudishia maji juu, kwa sababu kwenye sampu ni chemba hiyo pekee inayopungua maji yakikauka. Chemba nyingine hubaki palepale. Ukiiweka kwenye tangi la juu haitaona chochote.

Stima ikipotea, maji ya juu yateremka, sampu yajaa, sensa yaona maji mengi, yatulia. Vizuri. Stima ikirudi, pampu yavuta maji juu, sampu yapungua kwa dakika moja hivi, na sensa yadhani maji yamekauka, inaanza kujaza. Wengine huogopa hapa. Usiogope, mradi pampu ya kujazia iwe ndogo na ya polepole: itaongeza vikombe vichache, halafu mtambo utakaa kimya mpaka ziada hiyo ikauke. Ukifunga pampu kubwa kwa kutaka haraka, hapo ndipo umejitafutia.

Pili, kujinyonya. Hili limefurisha nyumba nyingi kuliko sensa mbovu. Mtungi ukiwa juu kuliko mdomo wa mpira, pampu ikishazima maji yaendelea kuteremka yenyewe mpaka mtungi ukauke. Na mdomo wa mpira ukizama ndani ya sampu, maji chumvi yaweza kurudi mtungini. Kwa hivyo mtungi sakafuni, mdomo wa mpira juu ya maji ya sampu usiyaguse, na utoboe tobo dogo la kuingiza hewa kwenye mpira.

Sensa ya mwanga haina kitu kinachotembea cha kukwama, lakini utelezi na chumvi huifunika jicho, na mwanga mkali nao huichanganya. Floti ya swichi, ile inayowasha na kuzima pampu, ni rahisi na fundi yeyote wa redio aielewa. Mimi nimefunga floti mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, ya kazi chini, ya dharura juu yake kidogo. Moja ikikwama, ya pili yakata.

MzeeWaBamvua:
Vijana, nawasoma nacheka. Nimefuga samaki wa bahari tangu kabla hamjajua intaneti. Bandika utepe kwenye kioo cha sampu, jaza chupa za lita mbili kwa maji matamu, panga tatu kwa kila siku, andika Jumatatu, Jumanne. Mdogo wake atamimina chupa za siku hiyo, hata akikosea, amekosea kwa lita 6. Mtambo hauna macho.

FundiFloti:
Mzee, hapo hatubishani, na hizo chupa nazichukua kama ngao ya pili. Ila mwanadamu naye husafiri kwenda harusini Lamu akasahau.

Bin_Kisima:
Nashukuru mzee wangu. Ila mdogo wangu anarudi chuo, nyumba yabaki na mlinzi tu. Safari zangu hufika siku tano. Lita 6 mara tano ni 30. FundiFloti ulisema mtungi wa 20, hautatosha. Nikiweka dramu la 60?

FundiFloti:
Swali zuri. Lita 60 zikimwagika zote, chumvi yashuka hadi 28 na kitu, na sampu yako sidhani kama ina nafasi hiyo. Fanya hivi: chombo cha lita 30, kisha pampu uiweke kwenye taima ya plagi. Pima kwanza pampu yatoa lita ngapi kwa dakika. Kama ni lita moja, taima iruhusu dakika moja moja, mara nane kwa siku. Floti yaamua kama maji yanahitajika, taima yaamua yasizidi lita 8. Hata floti zote mbili zikikwama, kwa siku maji hayatazidi hapo. Chukua taima ya dijitali yenye betri ndani. Ile ya kuzungusha kwa kidole husimama stima ikipotea, baada ya wiki saa yake haijui mchana wala usiku.

Na ukisafiri zima feni moja ikiwa joto haliruki juu ya 28. Maji yatapungua kukauka.

Mtoto_wa_Likoni:
Nimesikia watu wanatia chokaa kwenye maji ya kujazia ili matumbawe yakue. Huku kwetu chokaa tele.

MatumbaweNyali:
Wewe leo waniandama! Ile ni kalisi haidroksaidi safi, si chokaa ya mafundi. Chokaa iliyoshikilia mawe ya Fort Jesus ibaki Fort Jesus. Maji yake yana pH ya zaidi ya 12, mtambo ukikwama ukamwaga yote, pH ya tangi yaruka na kila kilicho hai chafa. Tena mwenzetu ana matumbawe laini, hayajengi mifupa mikubwa ya mawe, maji anayobadilisha kutoka baharini yamtosha. Bin_Kisima, kwa sasa maji matupu.

Bin_Kisima:
Nimekubali. Chumvi imeshafika 36, kamba mmoja leo ametoka kula. Nimepata chombo cha lita 30 chenye kifuniko, pampu ndogo ya volti 12, floti mbili na taima. Fundi wa mfereji nimemlipa nauli yake akaenda. Bado kitu kimoja: StimaImepotea, hilo tobo la hewa nimelitoboa karibu na sampu, pampu ikiwaka larusha maji kabatini, waya zimelowa.

StimaImepotea:
Chomoa plagi kwanza, kausha. Tobo hilo liko upande usiofaa. Kata kipande hicho, toboa jipya kwenye mpira ukiwa bado ndani ya chombo cha maji matamu, juu ya mstari wa maji yakiwa yamejaa, na lielekee chini. Likitema, latema ndani ya chombo. Na waya wa plagi ushushe kwanza chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi ipandishe ukutani, usiiache ndani ya kabati.